BWAWA NI LA NANI?

Ndugu wanachama,

Tangu mwaka 2020 "Uchumi wa Buluu" umekuwa wimbo wa majukwaani, na wizara yake ikaundwa. Twaambiwa kwamba bahari ndiyo shamba letu jipya, na kwamba wanawake wa vijijini watafuga samaki na majongoo waondokane na dhiki. Sisi hatulipingi jambo hili. Ufugaji wa samaki ni kazi ya heri. Lakini tunalo suala moja, nalo twataka lijibiwe kwa maandishi wala si kwa makofi: bwawa ni la nani?

Twauliza kwa sababu mfano tunao. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi mno ni wanawake. Fedha ya mwani ilisomesha watoto na kuezeka nyumba kwa mabati, haki isemwe. Lakini kamba na taitai wengi walipewa na kampuni zinazonunua, kwa sharti kwamba mtoa kamba ndiye atakayeuziwa, naye ndiye mtaja bei. Tena mwani huo hauingii chunguni mwetu. Hukaushwa, hutiwa magunia, husafirishwa ng'ambo ukatolewe utomvu wa kugandishia vyakula na dawa za meno. Bei ikianguka, mama hana la kuufanyia. Na katika miaka ya 2000, maji ya kina kifupi yalipozidi joto, aina ya kotonii yenye bei bora ilianza kufa mashambani, na hasara ikabaki juu ya mabega ya mkulima.

Samaki ana tofauti moja kubwa: asipouzwa, huliwa. Mwatiko hula uoto wa kijani unaomea chini ya bwawa, huvumilia maji ya chumvi nyingi, na kwa miezi michache tu hufaa kuuzwa. Watu wa Indonesia na Ufilipino wamemfuga kwa karne nyingi, na hapa kwetu majaribio yalifanywa Makoba katika miaka ya 1990. Mama aliyezoea kuokota chaza na kuchokoa pweza ayajua maji ya bamvua na maji mafu kuliko wengi watokao mjini kumfundisha. Hana haja ya kuambiwa lini bwawa lifunguliwe lijae.

Hatari iko kwengine. Mwatiko huzaa baharini, hazai kwa urahisi bwawani. Vifaranga vyake hukusanywa kwa msimu katika vidimbwi vya pwani, au hununuliwa katika kituo cha kutotolea. Na bwawa lenyewe huchimbwa katika ardhi ambayo, kwa sheria ya mwaka 1992, ni mali ya umma iliyowekwa mikononi mwa Rais, na raia hupewa haki ya kuitumia tu. Basi mwenye ardhi akiwa mmoja, mwenye vifaranga mwengine, na mwenye bei mwengine, mama atakuwa nani ila kibarua wa kuchimba tope? Siku atakapokuja mwenye kutaka kujenga hoteli, na mama hana karatasi, atasema nini? Wazee wetu walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, haki ya kutumia ardhi ya bwawa iandikwe kwa majina ya wanawake wanaolichimba, wala si ya mume, wala ya sheha, wala ya mfadhili. Pili, vifaranga viuzwe kwa vyama vya ushirika kwa bei iliyotangazwa hadharani, pasi na sharti la nani auziwe samaki. Tatu, barafu na soko viwe karibu, kwani samaki hamngoji mtu, na mwenye samaki anayeanza kuharibika hukubali bei yoyote.

La nne ni juu yetu sisi wenyewe. Mikoko isikatwe. Ufilipino ilipoteza sehemu kubwa ya mikoko yake kwa ajili ya mabwawa, na mikoko ndiyo malezi ya samaki wa baharini. Bwawa lichimbwe nyuma yake, penye uwanda wa chumvi usioota kitu. Anayekata mikoko apate bwawa ni kama abomoaye nyumba apate kuni.

Watasema twapinga maendeleo. Waseme. Maendeleo ambayo mwenye kazi hana hati yake, twayajua tangu zamani.

Ndugu wanachama, kila tawi na litafute katika shehia yake kikundi cha wanawake wafugao samaki, au wanaojiandaa kufuga, liwaulize kwa adabu: karatasi ya bwawa iko kwa nani? Jibu liandikwe, liletwe katika mkutano ujao. Tukiwa na majibu hayo mkononi, hatutakuwa na haja ya kupiga kelele.

Wasalaam.