Usitoe Damu na Njaa



Siku moja sisi walimu tulipeleka vijana waliofikisha miaka 17 wakatoe damu. Mmoja alipomaliza alisimama haraka, akaanguka. Watu wakaanza kusema, "Wamemmaliza damu!" Sio kweli. Mfuko mmoja ni mililita 450 tu, na mtu mzima ana kama lita 5. Kumbe hakula tangu jana yake. Nyumbani posho ilikuwa imekwisha, akaona aibu kusema. Na sisi hatukumuuliza. Kosa hilo ni letu.

Damu inapotoka na mtu ana njaa, kiu ama woga, moyo unaweza kupunguza mapigo na mishipa ikalegea. Damu haifiki vizuri kichwani, basi anazimia. Wanaotoa mara ya kwanza, hasa vijana na wembamba, ndio wanaopatwa zaidi.

Tufanyeje?

Usiku, lala vya kutosha. Asubuhi kula, hata kama ni uji na muhogo. Nusu saa kabla ya kutoa, kunywa maji nusu lita.

Ukiwa umelala pale, pishanisha miguu, kaza mapaja na matako, legeza, kisha rudia. Ukisikia kizunguzungu, jasho la baridi au macho kuingia giza, mwambie muuguzi hapo hapo. Usijikaze kiume.

Ukimaliza, usikurupuke. Pumzika dakika 15, unywe maji au soda. Siku hiyo usibebe jerikani kwa mkono uliochomwa, usilime, na wa boda apumzike kwanza. Kizunguzungu kikikukuta njiani, lala chini uinue miguu.

Wanaume wangoje miezi 3 ndipo watoe tena, wanawake miezi 4. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha asitoe.

Damu yetu inapelekwa benki ya damu ya Mbarara kupimwa ukimwi, homa ya ini na kaswende. Ikiwa salama, inamwokoa mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, au mama aliyetokwa damu akijifungua. Kwa hiyo tuzidi kutoa.

Lakini wazazi, mkimwaga kijana asubuhi, mwulizeni kwanza: umekula? Na wewe kijana, kusema "leo sijala" sio aibu. Utatoa siku nyingine.

Tuonane mwezi ujao.