Vita Havina Macho: Kuizuru Armémuseum



Mwezi huu twawaalika wazazi wawapeleke watoto mahali ambapo wengi wetu hupita kando bila kuingia: Armémuseum, yaani Makumbusho ya Jeshi, yaliyopo Riddargatan 13, Östermalm. Twaelewa kwa nini panaepukwa. Aliyekimbia mlio wa bunduki Bukavu, Bujumbura au Barawa haoni haja ya kwenda kutazama bunduki siku yake ya mapumziko. Mzazi wa namna hiyo asilazimishwe. Hata hivyo, mtoto aliyezaliwa hapa hana budi kujua vita ni nini, na ni heri ajue akiwa ameshikwa mkono na mtu wake.

Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1879 katika ua wa zamani wa mizinga. Uswidi haijapigana vita vyake yenyewe tangu mwaka 1814, ilipopambana na Norwei. Kwa hiyo mtoto aweza kudhani kwamba vita ni jambo la kwao wazazi wake, na kwamba Waswidi walizaliwa na amani. Sivyo. Katika karne ya 17 nchi hii ilipigana karibu bila kupumzika, ikaangamiza miji na vijiji vya Ujerumani na Polandi, na bendera nyingi ilizowateka adui zake zingali zimehifadhiwa humo.

Waelezeni watoto pia habari za askari wa vijijini. Tangu mwaka 1682, chini ya mfalme Karl XI, hadi mwaka 1901, wakulima waligawanywa katika vikundi vilivyoitwa rote. Kila kikundi kilimtunza askari mmoja kwa kumpa kibanda na kipande cha shamba, naye akakaa tayari kwenda vitani. Aghalabu alipewa jina fupi la kijeshi: Rask, yaani mwepesi, Modig, jasiri, Svärd, upanga. Majina hayo hadi leo ni majina ya ukoo ya Waswidi wengi. Askari akifa, mjane na wanawe kwa kawaida walitakiwa kutoka kibandani ili askari mpya aingie. Mama yeyote aliyewahi kufunga virago usiku ataelewa jambo hilo bila mkalimani. Vita havina macho.

Nasi tunayo majina ya namna hiyo. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Sanamu iliyosimamishwa jijini humo mwaka 1927 yamwonyesha askari na bunduki yake. Wapagazi waliokufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi, jina lao tunalitaja kila twendapo sokoni.

Mkitoka Östermalm, fikeni Djurgården, karibu na Sjöhistoriska museet. Hapo pana mnara wa kumbukumbu uitwao Restare, kazi ya Monika Larsen Dennis, uliozinduliwa mwaka 2013 kwa heshima ya Waswidi waliotumwa ng'ambo. Kila tarehe 29 Mei hufanyika hafla ya kuwakumbuka. Kati ya mwaka 1960 na 1964 Waswidi zaidi ya 6,000 waliutumikia Umoja wa Mataifa nchini Kongo, na 19 wakapoteza maisha. Mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walilinda kambi ya Waluba makumi ya maelfu waliokimbia makwao. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja huo, alikufa pamoja na wenzake 15 ndege yao ilipoanguka karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, akienda kutafuta suluhu ya Katanga. Raia wa Katanga waliouawa katika mapigano hayo hawana mnara hapa. Habari zao zimo vinywani mwetu.

Kwa nini twayasema haya sasa? Kwa sababu ya barua. Mwaka 2017 serikali iliamua kuurejesha utumishi wa lazima jeshini, uliokuwa umesimamishwa tangu mwaka 2010, nao wawahusu wavulana na wasichana sawia. Raia wa Uswidi anayeishi hapa, katika mwaka anaotimiza umri wa miaka 18, hutakiwa kujibu maswali ya Plikt- och prövningsverket. Baadhi yao huitwa kupimwa, na sehemu ya hao huchukuliwa. Machi 2024 nchi hii ilijiunga na NATO. Zipo nyumba zetu ambamo kuandikishwa jeshini maana yake ni watu wenye silaha kugonga mlango usiku. Barua ikiingia humo, mama atalia, na mtoto hatajua analilia nini, kwa kuwa hakuambiwa.

Basi twashauri hivi. Chagueni watoto wa miaka kumi na kuendelea. Thibitisheni kwanza saa za kufunguliwa. Msikae mno mbele ya mizinga. Kaeni penye habari za watu. Mkirejea nyumbani, simulieni jambo moja tu, hata dogo: mlibeba nini siku ile, na nani alibaki nyuma. Shule itawafundisha vita vya Karl XII. Vita vilivyowaleta hapa hakuna wa kuwafundisha ila sisi.

Wazazi wanaopenda kwenda kwa kundi wamjulishe mhariri, nasi tutafuatana nao.