Misa ya wiki haiibi masomo
Wanaosema Misa ya kila wiki na Njia ya Msalaba ya Ijumaa za Kwaresima zinakula muda wa hesabu katika shule za msingi za Kikatoliki wanasahau kwamba hapa Tanzania hata shule za serikali zina vipindi vya dini. Shule za Kikatoliki zinakipa kipindi hicho kalenda tu: Majilio, Jumatano ya Majivu, mwezi wa Maria Mei, Rozari Oktoba. Mtoto anazoea kusoma somo mbele ya umati na kuimba kwa kupangilia sauti (halafu tunauliza kwaya zetu zinatoka wapi!). Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, kinamfundisha kumchangia mtoto asiyemjua.

Pingamizi lenye uzito ni la wanafunzi Waislamu na Waprotestanti. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kuabudu, na kumlazimisha mtoto kupiga magoti hakumfanyi muumini. Lakini dawa ni kumpangia kipindi chake, si kuwafutia wenzake Kwaresima. Wakuu wa shule, andikeni utaratibu huo kwenye fomu ya kujiunga, mzazi ausome kabla ya kulipa ada.