Usipotupa Habari, Tutaitafuta Chumbani

Safari hii nakuandikia kutoka Songea. Najua umezoea kukuta hapa mambo ya mapenzi, ndoa na maisha, na kuna atakayeguna, "Sasa siasa imeingiaje kwenye jarida letu?" Imeingia kwa mlango wa mbele, tena bila kupiga hodi. Mwanamke akitangaza tu kwamba anagombea, swali la kwanza mtaani haliwi maji wala barabara. Linakuwa: Kaolewa? Mumewe anasemaje? Watoto kamwachia nani?

Hivi mwanaume akichukua fomu ya udiwani Lizaboni au Mfaranyaki, kuna anayemuuliza nani atampikia mkewe?

Na sisi watu wa habari, ukweli usemwe, tunayaokota maswali hayo hayo na kuyapeleka studio. Mimi ni mhariri, kwa hiyo acha nikupe siri ya jikoni kwetu. Gazeti lina kurasa za kujaza na redio ina masaa ya kujaza. Mwanasiasa asipotupa cha kujazia, tutakitafuta wenyewe, na kwa mwanamke mahali pa karibu pa kutafuta ni nyumbani kwake. Ndiyo maana nasema mwanamke anayetaka uongozi ajifunze kutulisha kabla hatujaona njaa.

Hapa Ruvuma wanawake viongozi si jambo geni. Miongoni mwa mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani hapa Songea Februari 27, 1906, anatajwa mama mmoja, Mkomanile. Miaka karibu mia baadaye, Jenista Mhagama akachaguliwa Mbunge wa Peramiho mwaka 2005, na mwaka 2015 Stella Manyanya akalitwaa jimbo la Nyasa. Kwa hiyo swali la kama mwanamke anaweza lilishajibiwa siku nyingi. Lililobaki ni nani anaisimulia habari yake, na anaanzia wapi.

Mkumbuke Amina Chifupa. Dada huyu alikuwa mtangazaji wa Clouds FM, kipaza sauti alikijua kuliko wengi wetu. Baada ya uchaguzi wa 2005 akaingia bungeni kwa viti maalum, umri wake miaka 24 tu, na akasimama kupigia kelele dawa za kulevya. Mwaka 2007 ndoa yake ilipoyumba, magazeti yakahamia huko. Juni 26 mwaka huo huo akafariki dunia, ana miaka 26. Leo mtaje jina lake kijiweni uone: wapo watakaokusimulia habari za ndoa yake mwanzo mwisho, lakini alichokisema bungeni hawakikumbuki. Hilo huwa linaniuma. Linanionyesha pia kwamba kuijua redio peke yake hakutoshi. Hoja inahitaji kurudiwa mpaka izoeleke, na nyumba inahitaji uzio.

Sasa dada yangu, kama una ndoto hiyo, au wewe kaka una mke mwenye ndoto hiyo, yashike haya matano.

1. Kuwa na hoja moja, tena fupi
Mwandishi akirudi ofisini anabaki na sentensi moja au mbili zako. Usimwachie yeye achague. Machi 22, 2021, kwenye kumuaga Rais John Magufuli pale Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan aliwageukia wenye mashaka, akasema aliyesimama mbele yao ni Rais wa Jamhuri ya Muungano, mwenye maumbile ya mwanamke. Hakulalamika wala hakumtaja mtu. Lilikuwa jambo moja, likabebwa na vyombo vyote. Tuseme wewe unagombea udiwani huku kwetu kwenye mahindi. Usiseme "nitaboresha kilimo", kila mtu anasema hivyo. Sema: "Nataka mkulima auze mahindi yake kwa siku moja, asilale wiki nzima getini." Hiyo mwandishi hawezi kuiacha. Na akikuuliza kuhusu mumeo, jibu kwa adabu na kwa ufupi, halafu mrudishe getini kwenye mahindi.

2. Mbele ya kipaza sauti hakuna utani
Wakubwa nao yanawapata. Agosti 2021 Rais huyo huyo alipowapokea vijana wetu wa mpira walioleta kombe, alisema neno kuhusu wachezaji wa kike na vifua vyao. Palikuwa na hoja ya maana kuhusu maisha ya mabinti hao wakishaacha mpira, lakini ikamezwa. Dunia nzima ikabeba vifua. Neno likishatoka halirudi, na siku hizi kila simu ni kamera. Hata kwenye harusi au kikoba, ukishakuwa mgombea uko hewani.

3. Tufahamu kabla hujatuhitaji
Wanasiasa wengi wanatupigia simu siku wakichafuliwa. Siku hiyo tayari umechelewa. Wajue kwa majina waandishi wa mkoani kwako, watangazaji wa redio za hapa Songea na wahariri wao. Jua wanafunga habari saa ngapi. Wengi wa mikoani wanalipwa kwa habari inayotoka, kwa hiyo anayewapa takwimu sahihi, picha nzuri na mtu wa kuhoji anawasaidia kuishi. Na hapo ndipo bahasha isiwepo kabisa. Mwandishi uliyemnunua leo, kesho mwenzako atamnunua kwa bei ya juu zaidi, na siri zako anazo.

Pia usimpe habari mmoja ukawanyima wengine. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanza mwaka 1987, kina mbinu kinayoiita "bang": habari ya jambo moja inatoka kwenye vyombo vingi kwa wakati mmoja, mpaka wakubwa wanashindwa kujifanya hawajasikia. Kelele za namna hiyo zilisaidia kupatikana kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Kama iliwezekana kwa sheria ya nchi, itashindikana kwa kisima cha kata yako?

4. Fanyeni kikao cha ndani
Hapa nazungumza na wawili, siyo mmoja. Kabla fomu haijachukuliwa, kaeni chini, simu zizimwe. Mkubaliane watoto wataonekana kwenye picha au la. Mkubaliane mume akipigiwa simu na mwandishi atasema nini. Mkubaliane pia yapi ya zamani yanayoweza kufukuliwa, na kila mmoja ayasikie kwa mwenzake kabla hajayasikia saluni. Ndoa nyingi zinaweza kuvumilia habari mbaya. Kinachozivunja ni mume kuisoma habari hiyo kwenye kundi la WhatsApp la kazini, wenzake wakimtazama usoni.

Na wewe shemeji, najua mtaani watakuita majina. Watasema umekaliwa. Jibu lako liwe moja, kila siku: "Ya kata muulizeni yeye, ya nyumbani ni yetu." Ukilisema mara tatu bila hasira, watachoka.

5. Ukichafuliwa, usijibu usiku
Hasira ya saa sita usiku huwa habari ya saa kumi na mbili asubuhi. Lala kwanza. Asubuhi tafuta jambo moja ambalo ni uongo, lenye ushahidi, uandike kwa mhariri kuomba lisahihishwe na upewe nafasi ya kujibu. Usijibu kila tusi, maana kila ukijibu unalipa maisha mapya. Mhariri akikaidi, lipo Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995, ambalo hupokea malalamiko na kusuluhisha bila watu kufikishana mahakamani. Kama ni matusi na uzushi wa mitandaoni, ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Hifadhi picha za ulichoandikiwa kabla mwenyewe hajafuta.

Tusisahau upande wetu pia. Wenzangu wa habari, kabla hujamuuliza mgombea kuhusu ndoa yake, jiulize kama mpinzani wake mwanaume umemuuliza swali hilo. Kama hujamuuliza, lifute kwenye daftari. Nafasi itakayobaki muulize bei ya mbolea.

Dada zangu, siogopi mtakosa kura. Naogopa yule binti mwenye akili anayeangalia jinsi tunavyowaandika wenzake, halafu anaamua kukaa kimya maisha yake yote ili tu ndoa yake isiwe gazetini. Huyo tunampoteza kabla hata fomu hazijatoka. Mwenye mume, dada au rafiki wa aina hiyo, mpe ukurasa huu ausome.

Tukutane mwezi ujao, mpendane!