Darubini ya SKA: Bili ya umeme yaitikisa elimu ya nyota

UJENZI wa darubini kubwa ya redio ya SKA, ulioanza rasmi Desemba 2022 nchini Afrika Kusini na Australia, umezusha swali zito: umeme wa kuendeshea kompyuta zake utatoka wapi, na kwa gharama gani?

Darubini ya aina hii haina kioo. Mawimbi yanayonaswa na kila antena hulinganishwa na ya kila antena nyingine, ndipo picha ya anga ipatikane. MeerKAT, iliyozinduliwa mwaka 2018 katika nyika ya Karoo, ina antena 64, yaani jozi 2,016 za kulinganishwa. Zikijumuishwa katika SKA, antena zitafikia 197 na jozi 19,306. Antena zinaongezeka mara tatu, lakini jozi zinaongezeka zaidi ya mara tisa.

Kwa Afrika Kusini jambo hili si nadharia tupu. Mwaka 2023 wananchi wake walikumbwa na mgawo mkali wa umeme. Si rahisi kumshawishi aliyelala gizani kwamba nyota zina haki ya kutangulia.

Hata hivyo, nafuu ipo. Mwaka 2021, taasisi ya ASTRON ya Uholanzi ilitangaza mbinu ya kulinganisha mawimbi kwa kutumia chipu zilizobuniwa kwa ajili ya akili bandia, ambazo hukokotoa kwa tarakimu chache. Ufanisi wake katika matumizi ya umeme mara nyingi ni mara 5 hadi 10 ya mifumo iliyotangulia. Siri ni kwamba mawimbi ya antena moja karibu yote ni kelele tupu. Kuyapima kwa usahihi wa kupindukia ni kupoteza umeme bure.

Mjini Perth, Australia, kituo cha Pawsey hupoza kompyuta zake kwa maji ya chini ya ardhi.

Lakini teknolojia pekee haitoshi, kwani kila umeme unaookolewa huzaa tamaa ya kukokotoa zaidi. SKA inatarajiwa kuhifadhi takriban petabaiti 700 kwa mwaka, baada ya kutupa sehemu kubwa ya data ghafi. Kinachotupwa hakirudi. Uamuzi mgumu, basi, ni wa kuchagua mapema kipi kinastahili kuhifadhiwa, na uamuzi huo hakuna chipu itakayoufanya kwa niaba ya wanasayansi.