Mapacha Waliogawanywa kama Mali
Watazamaji wa The Parent Trap, ile ya mwaka 1998 iliyoongozwa na Nancy Meyers, wamegawanyika. Walioipenda utotoni huisifu kwa vichekesho vyake na kwa Lindsay Lohan, aliyeigiza mapacha wote wawili. Wakishakua, baadhi yao humtetea Meredith, mchumba wa baba, wakidai ameonewa. Mimi simtetei: alikusudia kuwahamishia watoto Uswisi mara tu ndoa itakapofungwa.

Lakini wazazi wenyewe mbona hawaulizwi? Nick na Elizabeth walipotengana, kila mmoja alichukua mtoto wake, huyu California, yule London, kisha wakanyamaza. Hallie na Annie walifikisha miaka 11 bila kujua kwamba wana pacha. Tunacheka wanapobadilishana nafasi, ilhali hiyo ndiyo njia pekee waliyoachiwa ya kumwona mzazi wa pili.

Kisa hiki kimetokana na riwaya ya Mjerumani Erich Kästner, ya mwaka 1949. Miaka 40 baadaye ulipitishwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto. Kifungu cha 9 kinampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuonana naye mara kwa mara, maadamu hakuna madhara kwake. Cha 12 kinataka maoni yake yasikilizwe. Marekani iliutia saini mwaka 1995 na haijauridhia.

Wasemao kwamba familia hii ilijiponya yenyewe kwa mapenzi wanijibu: lau wasingepelekwa kambi moja ya likizo, mapacha hawa wangekutana wapi?