Chokaa Shingoni kwa Baba Mkwe

Mwezi uliopita kwa wakwe zangu, Mtaa wa Sikukuu pale Kariakoo, maziwa na dagaa vilipigwa marufuku. Kisa? Baba alipigwa picha ya CT ya shingo, majibu yakasema mshipa unaopeleka damu kichwani una chokaa. Mama kusikia chokaa ni kalsiamu, akafunga jiko.

Jamani, chokaa hiyo haitoki kwenye glasi ya maziwa! Ukuta wa mshipa ukiumizwa miaka na miaka na presha, sigara, kisukari na lehemu, mafuta hujikusanya ndani yake yakafanya kinundu. Kinundu kikizeeka, mwili hukiwekea chokaa. Ni dalili kwamba ugonjwa upo, tena wa siku nyingi, kwa hiyo si jambo la kupuuza. Ila kinachopasuka kirahisi mara nyingi ni kile laini, kimejaa mafuta na ngozi yake nyembamba. Kikipasuka damu inaganda, kipande kinachomoka hadi kwenye ubongo: kiharusi. Chenye chokaa nyingi mara nyingi hutulia zaidi. Nilimweleza Mama, akanitazama kama machinga anayemuuzia saa feki.

Mume wangu alicheka mpaka machozi. Huyohuyo ana miaka 38, presha yake ilisoma 160 kwa 100 mara tatu, siku tofauti, na vidonge alivyoandikiwa na daktari vimelala kwenye droo ya soksi. "Mi siumwi, mpenzi."

Nikamtolea utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006. Umri ukishasawazishwa, Dar ilikuwa na wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Hai, kule Kilimanjaro, 109. Karibu mara tatu, wangu! Na presha haisubiri chokaa. Inaweza kupasua mshipa wa ubongo moja kwa moja. Nikamwambia Baba anameza dawa zake kila siku, tunayemhofia ni wewe.

Alinuna. Siku mbili hatukusemeshana, hata kwenye foleni ya Uhuru tulisikiliza redio tu.

Jumatano nafungua kabati la vikombe, nakuta vidonge vimehamia pale, kando ya majani ya chai. Viwili vimepungua. Sikusema kitu.

Kwa Mama dagaa wamerudi. Maziwa bado tunajadiliana.